Sura ya 4: Kibaba Kiko Mkononi mwa Nani?

Kuna swali ambalo vijana wa Mbagala, Tandika na Yombo hupenda kuwauliza wazee wao: zamani, kabla ya pesa, watu walinunuaje vitu? Mara nyingi anayeuliza huwa ana jibu lake tayari. Anadhani watu walibadilishana tu, huyu ameleta muhogo, yule ameleta samaki, kila mmoja akarudi kwake ameridhika, wala hapakuwa na kupunjana. Ni picha nzuri, na wapo watu wazima wanaoipenda kwa sababu inawasahaulisha mikopo ya simu na kodi ya fremu.

Kwa watu wa vijiji vilivyokuja kuitwa Temeke, picha hiyo ina ukweli kidogo tu. Wazaramo wa huku walikuwa wameunganika na biashara ya dunia kabla Sultani Majid wa Unguja hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Kabla ya hapo palikuwa na kijiji cha Mzizima na vijiji vingine vya pwani, na watu wake walikopa, walidai, walipunjwa, na wao pia walipunja. Nguo waliyovaa ilifumwa Marekani au India. Mali walikuwa nayo, na pesa walizijua. Kilichowasumbua, tangu enzi za sandarusi hadi enzi za sado, ni kwamba kipimo kilikaa mkononi mwa mtu mwingine. Sura hii inakifuata kipimo hicho.

Samaki kwa muhogo

Tuanze na hiyo biashara ya mali kwa mali, maana ilikuwepo kweli. Kusini mwa bandari, kuanzia Mtoni na Mbagala hadi Kigamboni na Mbwamaji, walikaa watu waliohitajiana. Ufukweni walikuwapo wavuvi na wenye vyombo. Ndani kidogo, mwendo wa saa chache kwa miguu, walikuwapo wakulima wa mpunga, mtama, kunde na muhogo. Mvuvi hakuwa na muda wa kulima, na mkulima hakuwa na ngalawa. Walikutana njiani, chini ya mti unaojulikana au kwenye kivuko, wakapeana.

Lakini tazama jinsi mapatano yalivyokwenda. Mvuvi ameshusha samaki alfajiri. Jua likipanda samaki wanaanza kulegea, na kila saa inayopita inamnyang'anya nguvu ya kupatana. Muhogo wa mwenzake uko ardhini, unaweza kungoja wiki na hata miezi. Mwenye muhogo anaweza kusema, "Nitarudi kesho." Mwenye samaki hawezi. Kwa hiyo hata pasipo sarafu hata moja, kulikuwa na mwenye nguvu na asiye na nguvu, na tofauti yao ilikuwa muda.

Wavuvi walilijua hilo, ndiyo maana walikausha. Ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa akatiwa chumvi na kuanikwa, anaweza kubebwa hadi bara na kukaa muda mrefu bila kuoza. Aliyekuwa na ng'onda naye aliweza kusema atarudi kesho. Mwaka wa ukame mambo yaligeuka. Muhogo ulipokwisha shambani, mkulima ndiye aliyetembea hadi ufukweni na kukubali chochote alichopewa, kwa sababu bahari haikauki.

Kilichozuia dhuluma isivuke mpaka ni kwamba watu hawa walijuana. Walioana, walitaniana, walizikana. Ukimpunja mtu leo, keshokutwa mko pamoja msibani, na mtani wako atalisema jambo hilo mbele za watu wote. Hapo ndipo penye mzizi wa nyongeza, ile nyanya ya ziada au kipande cha ziada ambacho muuzaji hukitia mkononi mwa mnunuzi baada ya bei kukubaliwa. Nyongeza hailipiwi. Inamwambia mnunuzi kwamba anatarajiwa kurudi.

Sandarusi ya Uzaramo, nguo ya Salem

Sasa tuiache njia ya kijijini, tufuate mzigo unaokwenda mbali zaidi. Sandarusi ni utomvu wa mti uitwao msandarusi. Utomvu huo ukidondoka na kuzikwa mchangani kwa miaka mingi sana hugeuka kuwa kitu kigumu cha rangi ya manjano, kinachong'aa kama kioo. Miti ilikwisha kufa zamani, lakini utomvu ulibaki chini ya ardhi ya Uzaramo. Watu waliuchimba kwa majembe katika mashimo mafupi.

Huko ng'ambo, sandarusi iliyeyushwa na kutengenezwa vanishi, yaani mafuta ya kung'arisha mbao za meza, makabati na magari ya farasi. Ya pwani yetu ilisifiwa kuwa miongoni mwa zilizo bora duniani. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, aliyetawala Unguja wakati huo, na wafanyabiashara wa Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts, wakawa wageni wa kila mara Unguja. Salem palikuwa na kiwanda cha kuisafisha sandarusi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliieleza biashara hii kwa kirefu katika kitabu chake.

Meli zilizochukua sandarusi hazikuja tupu. Zilileta nguo nyeupe nzito ya pamba iliyofumwa Massachusetts, nayo ikaitwa merikani. Pamoja na kaniki, nguo ya buluu iliyokolea kutoka India, merikani ilifanya kazi ya fedha bara zima. Mchimbaji alilipwa kwa nguo, shanga, waya wa shaba, hata baruti. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, kati ya 1861 na 1865, merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake. Fikiria hilo. Watu wanapigana ng'ambo ya bahari mbili, na mkulima wa Uzaramo anabadilisha nguo anayovaa. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema aliishi nje ya biashara ya dunia.

Je, alipata haki yake? Hapa ndipo penye uchungu. Mkataba ambao Uingereza ilifanya na Sayyid Said mwaka 1839 uliwazuia wageni wasinunue pembe za ndovu na sandarusi moja kwa moja katika Mrima, yaani ile pwani ya bara inayotazamana na Unguja. Ilibidi kila kitu kipite Unguja, mahali ambapo ushuru wa forodha ulikuwa umekodishwa kwa tajiri. Kwa miaka mingi tajiri huyo alikuwa Jairam Shivji. Hivyo mchimbaji aliuza kwa mnunuzi wa pwani, mnunuzi akapeleka Unguja, na Unguja ikauza kwa Mmarekani. Katika mlolongo huo mchimbaji peke yake ndiye asiyekuwa na mizani. Sandarusi ilipimwa kwa frasila, na frasila ilikuwa ndani ya nyumba ya mnunuzi.

Silaha yake ilikuwa moja, kuacha kuchimba. Walichimba walipohitaji nguo, na shamba lilipowaita wakaliacha shimo. Wageni waliuita uvivu. Mimi nauona kuwa ndiyo njia pekee ya kupatana bei aliyokuwa nayo mtu asiyeshika mizani.

Vipimo walivyotumia

Kabla hatujaendelea, ni vizuri msomaji avijue vipimo vyenyewe, maana vingine bado tunavyo.

- Mkono, au dhiraa: kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama nusu yadi.
- Shuka, au upande: mikono 4 ya nguo.
- Doti: shuka 2, yaani mikono 8. Ukinunua doti ya kanga leo unatumia hesabu hiyohiyo.
- Kibaba: kipimo cha nafaka, kidogo zaidi ya nusu kilo.
- Kisaga: vibaba 2.
- Pishi: vibaba 4. Waislamu wa Dar es Salaam wanaikumbuka kila mwisho wa Ramadhani, kwa kuwa zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula, na masheikh wengi huihesabu kuwa kama kilo mbili na nusu.
- Frasila: takriban kilo 16, kwa mizigo mikubwa.
- Korija: vitu 20.

Ukivitazama vizuri utaona kwamba vingi vinategemea mtu. Mkono ni wa nani? Anayeuza nguo mwenye mkono mfupi anampunja mnunuzi bila kusema uongo. Kibaba nacho kilikuwa chombo cha mti au kata tu, na kata mbili hazilingani.

Zaidi ya hapo, kulikuwa na namna mbili za kukijaza. Kibaba cha mfuto ni kile kilichopanguswa juu kwa kiganja au kijiti, nafaka ikawa sawa na ukingo. Kibaba cha tele ni kile kilichojazwa mpaka kikawa na kilima juu. Mpimaji hodari alijua kukizungushia ukingo vidole vya mkono wa kushoto vikawa kama ua, kilima kikapanda bila kumwagika. Mpimaji mbaya alitumbukiza dole gumba ndani ya kibaba huku akimimina, na nafasi ya dole ikawa faida yake. Tofauti ya mfuto na tele si ndogo hata kidogo. Aliyekopesha mpunga kwa mfuto wakati wa njaa na kudai alipwe kwa tele wakati wa mavuno, amekula faida nene wala neno riba halijatoka kinywani mwake.

Kwa hiyo watu walipopatana, hawakuishia kwenye bei. Waliuliza: kwa kibaba cha nani, na cha namna gani? Nyumba iliyokuwa na kibaba kinachoaminika ilikuwa na heshima kijijini. Watu waliazima kibaba chake hata kama hawanunui chochote kwake.

*Kwa ufupi:* watu wa Uzaramo walikuwa na biashara ya mali kwa mali, na juu yake walikuwa na biashara kubwa ya kimataifa. Katika biashara ya karibu kipimo kililindwa na ujirani. Katika biashara ya mbali kipimo kilishikwa na mnunuzi.

Fedha tano katika umri mmoja

Na pesa je? Zilikuwepo mapema kuliko tunavyodhani. Riale ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, iliyoandikwa mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mingi baadaye, ilizunguka pwani yote. Rupia ya India nayo ikaja, ikiwa na pesa 64 ndani yake. Sarafu hizi zilikaa zaidi mikononi mwa wafanyabiashara. Mkulima aliweza kumaliza mwezi asizione.

Kilichomlazimisha kuzitafuta ni kodi. Mwishoni mwa miaka ya 1890 utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya kibanda, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Mpunga ulioshiba kihenge haukutosha tena. Sehemu yake ilibidi igeuzwe sarafu, tena kwa tarehe iliyopangwa na serikali. Mkulima akawa katika hali ya mvuvi mwenye samaki wanaolegea juani. Wanunuzi walijua kodi inadaiwa lini, nao wakasubiri. Kuanzia mwaka 1902 wilaya ya Dar es Salaam ikawekewa pia mashamba ya pamba ya kulimwa kwa amri, na malipo yake yalikuwa duni kiasi kwamba kuna waliokataa kuyapokea. Miaka mitatu baadaye Vita vya Majimaji vilianza, na shamba la pamba lilikuwa mojawapo ya sababu zake.

Kisha fedha zenyewe zikaanza kubadilika. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia kwa heller 100, wakaziacha pesa 64. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli zilipozuiwa, serikali yao ilipiga sarafu katika karakana ya reli Tabora mwaka 1916, kwa shaba iliyookotezwa. Waingereza walipokamata nchi wakaleta florin, na muda si mrefu, mwanzoni mwa miaka ya 1920, shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Sarafu zake ndogo za senti 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati, watu wakazitunga kwenye uzi na kuzifunga kiunoni.

Mtu aliyezaliwa Mbagala mwaka 1885, alipofika umri wa miaka 40 alikuwa ameshapokea riale, rupia ya pesa, rupia ya heller, florin na shilingi. Kila mara fedha ilipobadilika kulikuwa na mtu wa kumweleza ya zamani ina thamani gani kwa hesabu mpya. Mtu huyo alikuwa mwenye duka.

Daftari la dukani

Duka la kijijini, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, lilikuwa la Mhindi. Chumba kimoja cha mbele, kaunta ya mbao, mafuta ya taa, chumvi, viberiti, sukari, nguo zilizokunjwa juu ya rafu. Nyuma ya duka alikaa mwenyewe na familia yake. Alinunua kopra, ufuta, nafaka na nta, akauza nguo na vitu vya ng'ambo. Mara nyingi alikuwa mtu pekee ndani ya maili kadhaa mwenye mizani ya chuma.

Alikopesha pia. Mkulima alichukua kaniki mwezi wa Machi, akalipa kwa ufuta au kopra baadaye. Deni liliandikwa kwenye daftari kwa Kigujarati, maandishi ambayo mdaiwa hakuweza kuyasoma. Serikali ya Kiingereza ilipotunga sheria ya kodi ya faida mwaka 1923, yenye sharti kwamba vitabu vya hesabu viandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, wafanyabiashara wa Kihindi walifunga maduka Tanganyika nzima kwa siku 54. Hatimaye sharti la lugha likalegezwa. Ninaelewa kwa nini waliliona ni uonevu, kwa kuwa mtu huweka hesabu kwa lugha aliyosomea. Lakini katika mvutano ule wote hakuna aliyemuuliza mkulima angependa deni lake liandikwe kwa lugha gani.

Ni kosa kumgeuza mwenye duka kuwa shetani wa hadithi. Naye alidaiwa. Nguo zilizokuwa kwenye rafu zake alipewa kwa mkopo na tajiri wa mjini, na tajiri wa mjini alikuwa na deni lake Bombay. Mkulima asipolipa, duka lilianguka. Serikali kwa upande wake iliweka sheria za kuzuia mikopo kwa Waafrika, ambapo mwenye duka aliyekopesha bila kibali hakuweza kwenda mahakamani kudai. Lengo lililotajwa lilikuwa kumlinda mwenyeji. Matokeo yake ni kwamba mkopo ulioandikwa kihalali ulikuwa mgumu kuupata, na ukopeshaji ukabaki kuwa wa siri na wa kuaminiana, mwenye duka akijihami kwa kuongeza bei. Aliyekuwa na kanga nzuri au bangili aliiweka rehani, yaani aliiacha kwa mkopeshaji mpaka atakapolipa.

Wakati huohuo vijiji vyenyewe vilikuwa vinamezwa. Mpango wa jiji wa mwaka 1949 uliitenga Temeke kuwa mojawapo ya maeneo ya makazi ya Waafrika, na nyumba zilizopangwa zikaanza kujengwa. Mtu aliyekuwa akipeleka makuti, kuni na nazi mjini akakuta mji umemjia mlangoni. Kwa akina mama hiyo ilikuwa nafasi. Uji, maandazi, vitumbua na samaki wa kukaanga vilianza kuuzwa barazani, kwa kipimo ambacho mwanamke mwenyewe ndiye aliyekishika. Nadhani hatujaandika vya kutosha kuhusu baraza hizo. Zimesomesha watoto wengi sana wa Temeke.

Miaka ya foleni

Nitapita haraka hapa, kwa kuwa walioishi miaka hiyo bado wapo na wanaweza kusimulia vizuri kuliko mimi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilichukua biashara ya jumla, na katika miaka ya 1970 kila mkoa ukawa na kampuni yake ya biashara, maarufu kama RTC. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka binafsi yafungwe na ya ushirika yachukue nafasi. Ilisimamishwa baada ya miezi michache kwa sababu maduka yalifungwa kabla mbadala haujawa tayari.

Baada ya Vita vya Kagera bidhaa ziliadimika. Sukari, sabuni, mchele na mafuta ya kula viligawiwa katika maduka ya kaya, kila kaya kwa idadi ya watu wake. Kipimo sasa kilikuwa kimeandikwa na serikali, nacho kilikuwa sawa kwa wote kwenye karatasi. Lakini mwenye kumjua muuza duka alipita mlango wa nyuma. Machi 1983 serikali ya Waziri Mkuu Edward Sokoine ikaanza kuwasaka walanguzi, yaani walioficha bidhaa na kuziuza kwa bei ya kuruka. Bajeti ya Juni 1984 iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na madirisha ya maduka yakaanza kujaa tena.

*Kwa ufupi:* kodi ilimlazimisha mkulima kuuza kwa wakati usiomfaa. Duka lilimpa mkopo lakini likashika mizani na daftari. Mgao wa serikali ulijaribu kusawazisha kipimo, ukashindwa mlangoni.

Fungu, sado na lumbesa

Nenda leo soko la Tandika au Temeke Stereo asubuhi. Nyanya zimepangwa kwa mafungu juu ya meza, kubwa mbele, ndogo nyuma na chini. Binti anasimama.

"Shangazi, mbona fungu limepungua hivi?"

"Mwanangu, tenga nimelichukua kwa bei mbaya leo. Chukua tu."

"Basi niongezee."

Shangazi anatia nyanya mbili ndogo kwenye mfuko. Nyongeza bado ipo. Mapatano haya hayana tofauti kubwa na yale ya njiani kati ya mvuvi na mkulima. Wanajuana, na binti atarudi kesho. Shangazi mwenyewe huenda amechukua tenga lile kwa mali kauli, yaani amepewa mzigo kwa ahadi ya mdomo kwamba atalipa akishauza. Hakuna karatasi. Akivunja ahadi mara moja, habari zake zinafika meza zote kabla ya adhuhuri.

Viazi na vitunguu vinauzwa kwa sado, ndoo ndogo ya plastiki ambayo kwa asili ilikuwa ya rangi ya lita nne. Sado imechukua kiti cha kibaba, pamoja na hila zake. Tazama kitako chake kabla ya kulipa. Zipo zilizopashwa moto zikabonyezwa, kitako kikapanda ndani. Zipo pia zilizokatwa ukingo. Na muuzaji mwema utamwona anavyozungusha vidole kwenye ukingo ili kilima kipande, kama walivyofanya waliopima kibaba cha tele.

Mimi sina ugomvi mkubwa na fungu wala sado. Mnunuzi anaziona kwa macho, anaweza kuhamia meza ya pili. Kinachoniuma ni lumbesa. Lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa kilemba cha kamba au kipande cha gunia jingine juu yake, likabeba mzigo mwingine wa bure. Mkulima analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Mnunuzi anayekuja na lori ndiye anayeleta magunia na ndiye anayeamua kilemba kiwe kirefu kiasi gani. Viazi vikifika Dar es Salaam, gunia linafunguliwa na kuuzwa kwa sado, na hapo kila kiazi kinahesabiwa. Mkulima ameuza kwa kipimo kikubwa kuliko alicholipwa, na mlaji amenunua kwa kipimo kidogo kuliko alicholipia. Tofauti iliyo kati ya vipimo hivyo viwili inabaki kwa wa katikati.

Sheria ya Vipimo inaikataza lumbesa. Mazao ya shamba hayatakiwi kufungashwa zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, hukamata na kutoza faini. Kwenye korosho kuna ndugu yake lumbesa aitwaye kangomba, ununuzi wa rejareja kwa bakuli au kopo nje ya utaratibu rasmi, kwa bei ya kumkaba mkulima mwenye shida ya haraka. Mwaka 2018 serikali iliwaandama sana wanunuzi wa kangomba. Bado wapo, kwa kuwa ada ya shule inadaiwa kwa tarehe, na tarehe hiyo inafanya kazi ileile iliyofanywa na kodi ya kibanda.

Watu wengine walilitatuaje tatizo hili la kipimo? Ayalandi ya zamani ilikuwa nchi ya wakulima wadogo, na wengi wao waliuza siagi. Wenye maduka wa vijijini walikopesha na kushika madaftari kama wa kwetu, nao walilalamikiwa vilevile. Lakini kuanzia mwaka 1770 mji wa Cork ulikuwa na soko la siagi lenye wakaguzi wasiokuwa wauzaji wala wanunuzi. Kila pipa lilipimwa uzito, likaonjwa, likapangiwa daraja, na alama ikachomwa juu yake. Siagi ya Cork ikaaminiwa kiasi kwamba soko hilo likawa kubwa kuliko yote ya siagi duniani katika karne ya 19. Halikuondoa umaskini wa mkulima, wala halikumaliza deni lake dukani. Lilitoa kipimo mikononi mwa wenye maslahi, na hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa.

Halmashauri zetu hukusanya ushuru sokoni kila siku, kwenye meza ya nyanya, kwenye karai la dagaa, kwenye lori linaloshusha. Sehemu ya ushuru huo ingeweza kutumika kuweka mizani ya umma katika kila soko na kila gulio, chini ya paa, ikiwa na karani na muhuri wa Wakala wa Vipimo, ambapo mtu yeyote anaweza kupima mzigo wake bure kabla ya kuuza au baada ya kununua. Huko mashambani ambako lumbesa hushonwa, mizani hiyo ingepaswa kuwa kwenye kila kituo cha kupakia. Mkulima wa viazi asiiombe kwa mnunuzi wake, na mama wa Tandika asiiazime kwa jirani. Diwani wako akija kuomba kura, usimuulize habari za barabara tu. Muulize mizani ya soko lenu iko wapi, na nani anaishika.